Kihisi Kikikudanganya, Anza na Chaja

Umefunga kompyuta yako ndogo ya Raspberry Pi kwenye banda la vifaranga, Ilomba. Kipimajoto kinaning'inia usawa wa mgongo wa kifaranga, taa ya joto inawashwa na rilei, na juu ya bati umeweka kipimo cha mvua. Mchana kutwa namba zimetulia. Usiku wa Juni, baridi ya Mbeya ikishuka chini ya nyuzi 10, kipimajoto kinaandika 31, 31, 85, 31. Huko juu ya bati nako kipimo kimehesabu milimita nne za mvua ilhali nyota zinaonekana.

Wengi hapo hukimbilia kuagiza kihisi kipya kutoka Kariakoo. Ngoja kwanza. Kwenye mitambo ya namna hii kihisi chenyewe ni cha mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna umeme unaoilisha bodi, kuna waya, kuna pini iliyoachwa bila kufungwa upande wowote, na kuna programu. Ukiifuata njia kwa mpangilio huo, kuanzia soketi ya ukutani, utanunua kihisi kipya mara chache sana.

Jambo jingine la kujizuia nalo ni kuitibu programu kabla ya kuutafuta ugonjwa. Dawa ya kwanza anayopewa mtu ni kuchukua wastani wa vipimo vinne. Chukua hizo namba za juu: 31, 31, 85 na 31 wastani wake ni 44.5. Programu itaona joto limezidi, itazima taa, na vifaranga wa wiki ya kwanza, wanaohitaji nyuzi 32 hadi 35, wataachwa gizani kwenye baridi. Namba moja ya uongo iliyokuwa inaonekana wazi sasa imejificha ndani ya namba inayokaribia kuaminika. Iache ionekane mpaka ujue imetoka wapi.

Umeme kwanza

Raspberry Pi ya kwanza ilipoanza kuuzwa Februari 2012 ilitumia chaja ya kawaida ya simu, na mazoea hayo hayajatutoka. Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 yenye uwezo wa ampea 3. Pi 3 inataka ampea 2.5. Chaja ya simu iliyoandikwa ampea 2 haifiki huko, na mara nyingi hata hizo 2 ni za kwenye maandishi tu. Ongeza waya mwembamba wa mita mbili, unaokula sehemu ya volti njiani, na umeme wa jioni unaopungua kila nyumba ikiwasha pasi na jiko. Chaja nzuri huvumilia upungufu huo. Ya bei poa haivumilii.

Bodi yenyewe inakumbuka yaliyoipata. Fungua dirisha la amri, andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme haujapungua tangu iwashwe. Ikijibu 0x50000, ulipungua wakati fulani ingawa sasa umekaa sawa. Ikijibu 0x50005, unapungua hivi sasa unaposoma. Mpaka wa kuhesabiwa upungufu ni takribani volti 4.63. Kumbukumbu hii hufutika bodi ikizimwa, kwa hiyo isome asubuhi kabla hujagusa kitu chochote.

Kisha chukua mita ya fundi, lakini kwa tahadhari. Pini namba 1 ina volti 3.3 na jirani yake namba 2 ina volti 5. Ncha ya mita ikiteleza ikazigusa zote mbili kwa pamoja, bodi imekwisha. Chomeka waya wa jampa kwenye pini namba 2 na mwingine kwenye namba 39, ambayo ni graundi, upime huku nje kwenye ncha za nyaya hizo. Pima bodi ikiwa kazini, na mtu mwingine akiwasha na kuzima taa ya joto. Ukiona volti zinazama kila rilei inapogonga, mchawi umemkamata: rilei na bodi zinagombea chaja moja. Ipe rilei chaja yake, huku graundi zikiunganishwa ikiwa rilei yako inahitaji hivyo. Waya wa taa, wenye volti 230, usiufunge kwenye kamba moja na waya wa kihisi. Kama lazima zikutane, zikatishane msalaba. Na upande huo wa volti 230 afunge fundi umeme, si wewe unayejifunza.

Gawa njia nusu kwa nusu

Umeme ukiwa safi na namba bado zinaruka, acha kukisia. Zima bodi, chomoa kihisi. Ikiwa kilikuwa cha kuwasha na kuzima tu, kama kile cha mlango au cha mvua, badala yake chukua resista ya omu 1,000 na unganisha pini hiyo na graundi. Programu isome sifuri. Hamishia kwenye volti 3.3, isome moja. Iache usiku kucha. Isiporuka hata mara moja, bodi na programu hazina kosa, na umeshafuta nusu ya washukiwa bila kununua kitu.

Siku inayofuata rudisha kihisi, lakini kwa waya mfupi, juu ya meza ndani ya nyumba. Kikitulia, kirudishe kwenye waya wake mrefu wa bandani. Hatua kwa hatua, badilisha kitu kimoja tu. Anayebadilisha chaja, waya na kihisi kwa mkupuo mmoja anaweza kupona, ila hatajua alikuwa anaumwa nini, na mwezi ujao atanunua vyote vitatu tena.

Mara nyingi utakamata tatizo hapa, kwenye waya. Nyaya za jampa za bei nafuu hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Zishike na kuzitikisa moja moja huku ukitazama namba. Bredibodi ni kifaa cha mezani. Bandani, mwenye vumbi la kiangazi, unyevu wa maranda na hewa ya amonia inayotoka kwenye kinyesi cha kuku, viunganishi vyake huota kutu mapema. Unga kwa risasi, funika maungo, weka kwenye boksi lenye tundu chini ili maji yasiyotarajiwa yatoke.

Pini isiyo na pa kushika

Pini ya kupokea ishara ikiachwa wazi, haisomi sifuri. Inasoma chochote kinachopita hewani. Ukiifunga waya wa mita kumi unaoelekea kwenye bati, umeitengenezea antena, na jirani mwenye karakana ya kuchomelea mageti ataanza kukuhesabia mvua.

Tiba yake ni resista ya kuvuta juu: omu 10,000 kutoka kwenye pini kwenda volti 3.3, huku swichi ikiishusha pini kwenye graundi inapofungwa. Bodi ina resista za ndani zinazoweza kuwashwa na programu, ila ni dhaifu, takribani omu 50,000. Zinatosha kwa kitufe kilicho karibu, hazitoshi kwa waya wa kwenye bati. Pini za GPIO 2 na 3 ndizo pekee zilizofungwa resista za kudumu za omu 1,800, kwa sababu ya vihisi vinavyotumia njia ya mawasiliano ya I2C. Ukizitumia kwa kazi nyingine ukashangaa kwa nini daima zinasoma moja, jibu ndilo hilo. Kama unatumia waya wa intaneti wenye jozi nne, ishara ipite kwenye jozi moja na graundi yake. Watu wengi huipa ishara ya kihisi kimoja jozi moja na ishara ya kihisi kingine, kisha hushangaa vihisi viwili vinapoambukizana.

Kipimo cha mvua nitakikalia kwa muda, kwa sababu ndicho kinachodanganya watu wengi bila wao kujua. Mbeya ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ukikosea hesabu msimu mzima umepotea. Ndani ya kipimo hicho kuna vindoo viwili vinavyopinduka kwa zamu, na kila vinapopinduka sumaku hupita mbele ya swichi ndogo. Swichi hiyo haifungi mara moja ikatulia. Inadundadunda kwa milisekunde chache, na kompyuta, iliyo na kasi kuliko swichi, huhesabu kila mdundo kuwa mvua.

Tazama sasa hesabu inavyokusaidia. Kipimo cha plastiki kinachouzwa sana kwa wapenda elektroniki huhesabu milimita 0.2794 kila kinapopinduka. Hata mvua ya milimita 100 kwa saa, inayojaza mitaro yote ya Ilomba, ingekipindua kama mara 358 kwa saa, yaani mara moja kila sekunde 10. Basi pigo lolote linalofuata lingine ndani ya nusu sekunde si mvua. Iambie programu ilipuuze. Maktaba ya gpiozero ina kipengele cha bounce_time kwa kazi hiyohiyo. Hili ni tofauti na ule wastani niliokukataza, kwa kuwa hapa unajua unachokitupa na kwa nini.

Mapigo yanayokuja yakiwa yametawanyika, bila kufuatana, hayatibiwi na programu. Hayo ni michomo ya umeme kwenye waya. Weka resista ya omu 1,000 kati ya waya na pini, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi. Vitu hivyo fundi redio anavyo kwenye kopo lake la vipuri. Yakija wakati wa upepo tu, kaza mlingoti: unatikisika na kuvipindua vindoo vikiwa vitupu. Na kipimo kinachohesabu pungufu, kifungue juu; ndani utakuta buibui, jani au tope la vumbi.

Kukijaribu ni rahisi. Pima mdomo wa kipimo: ukiwa sentimita 11 kwa 5, eneo ni sentimita 55 za mraba. Zidisha kwa 0.02794, unapata mililita 1.54 kwa kila pindu. Kwa bomba la sindano la duka la dawa pima mililita 154, zitie kwenye chupa uliyoitoboa tundu dogo kwenye kifuniko, uziache zidondoke polepole kwa nusu saa au zaidi. Kikihesabu kati ya 95 na 105, kiache kifanye kazi. Kikihesabu 180, swichi bado inadunda. Kikihesabu 80, hakijakaa sawa kwenye usawa wake, au umemimina haraka na maji yamepita kindoo kikiwa katikati ya kupinduka.

Hiyo 85 ya usiku

Turudi bandani. Kihisi cha DS18B20, kile chenye kopo la chuma na nyaya tatu, huamka kikiwa na namba 85 tumboni kabla hakijapima chochote. Ukiona nyuzi 85 kamili kwenye banda la vifaranga, hujaona joto. Umeona kihisi kilichozimika kikawaka tena, au kilichoulizwa kabla ya kumaliza kupima, kazi inayochukua milisekunde 750 kwa usahihi wake wa juu. Maana yake ni kwamba waya wa umeme wa kihisi uligusa na kuachia, na umerudishwa kwenye hatua za mwanzo. Wanaotumia Arduino wanaweza kuona pia -127, namba ambayo maktaba yao huandika kihisi kisipojibu kabisa.

Kwenye Raspberry Pi kila kihisi cha aina hii kina folda yake ndani ya /sys/bus/w1/devices, jina likianza na 28. Ukisoma faili la w1_slave lililo ndani ya folda hiyo utaona mistari miwili, na wa kwanza huishia kwa YES au NO. NO ina maana ujumbe uliharibika njiani. Programu nyingi za kunakili huupuuza mstari huo na kusoma joto tu. Yako isiupuuze, na ikikuta 85 kamili iulize tena. Hakikisha kuna resista ya omu 4,700 kati ya waya wa data na volti 3.3. Waya ukizidi mita kumi hivi, jaribu omu 2,200 au 3,300. Vihisi vikiwa vingi, vipange kwenye waya mmoja mrefu mmoja baada ya mwingine. Ukivitawanya kutoka kitovu kimoja kila kimoja na tawi lake, mwangwi wa ishara utakusumbua.

Ukitaka kujua kama kihisi kinasema kweli, kitie kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Koroga, subiri dakika kadhaa, kisome. Inatakiwa sifuri, na watengenezaji wanaruhusu kosa la nusu nyuzi. Usitumie maji yanayochemka kwa kukariri vitabu vya shule. Ilomba iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kihisi kinachoonyesha 94 ni kizima. Kile kitakachoonyesha 100 ndicho kibovu.

Kimo hichohicho kinawapotosha wenye kihisi cha kanieneo ya hewa, kama BMP280. Wanasoma hektopaskali 830, wanalinganisha na 1,013 waliyoiona kwenye mafunzo yaliyoandikwa na mtu wa pwani, na wanakitupa. Hiyo 830 ni sahihi kwa Mbeya. Vituo vya hali ya hewa huibadilisha kwa hesabu iwe kana kwamba imepimwa baharini ili miji ilinganishwe, na programu yako inaweza kufanya hivyo pia ukiipa kimo cha mahali.

Mahali pa kuweka kihisi nako kuna uongo wake. Kipimajoto kilicho chini ya taa moja kwa moja kinapima taa. Cha nje, kikipigwa na jua letu la nyanda za juu, kinapima jua. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kipimajoto cha hewa kiwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, ndani ya kivuli cheupe kinachopitisha hewa. Sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa zikiachana, zimeshikwa na misumari mirefu ya nati, zinatosha.

Kulinganisha kihisi kimoja na kingine hakuhitaji maabara. Vituo vya 3D-PAWS, vilivyobuniwa Marekani na kufungwa Kenya na Zambia miongoni mwa nchi nyingine, vilianza kwa kuendeshwa na Raspberry Pi hizihizi na sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki. Ndani ya kivuli kimoja wameweka vihisi vitatu vya aina tofauti vinavyopima joto, kimoja kikiteleza vingine viwili vinakisuta. Hapa kwetu Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei katika mradi wa WIMEA-ICT, uliobuni vituo vya hali ya hewa vya gharama nafuu kwa Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) pale Iyunga anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho asione haya kuanzia hapo.

Kuhusu vihisi vya joto na unyevu vya DHT11 na DHT22 nitakuwa mfupi. Vihisi hivi hutofautisha sifuri na moja kwa urefu wa pigo: kama mikrosekunde 27 kwa sifuri, 70 kwa moja. Raspberry Pi ina mambo mengi inayoyafanya kwa wakati mmoja, ikigeuka kidogo imepitwa. Kusoma kukikwama mara moja moja si ubovu, ni tabia yake. Uliza tena baada ya sekunde mbili, si kabla. DHT11, yenye kosa la nyuzi 2, ibaki darasani, haina kazi kwenye banda la vifaranga. Ukiwa na uwezo, hamia SHT31 au BME280 zinazotumia I2C, ila waya wake uwe mfupi, sentimita chache na si mita. Amri i2cdetect -y 1 itakuonyesha kama bodi inakiona kihisi. Isipoonyesha kitu, usipoteze usiku kwenye programu.

Mawili ya harakaharaka. Raspberry Pi haina pini ya kusoma volti zinazopanda na kushuka. Kihisi cha unyevu wa udongo kikifungwa moja kwa moja kitaruka kati ya sifuri na moja mpaka uchoke, hadi ukipe kibadilishi kama MCP3008. Na pini zake hazivumilii volti 5. Kihisi cha sauti cha HC-SR04, kile cha kupimia maji kwenye simtanki, hurudisha ishara ya volti 5. Igawe kwa resista ya omu 1,000 na ya 2,000. Pini iliyokwisha kupigwa na volti 5 inaweza isife, ikabaki inababaika siku zote. Ihamishe ishara kwenye pini nyingine, ukipona iwekee ile ya zamani alama nyekundu usiitumie tena.

Saa

Kila nilichosema kinategemea kujua namba iliruka lini. Andika kila kipimo kama kilivyokuja, kabla ya kuchujwa, na muda wake, na hali ya rilei, na lile jibu la get_throttled. Namba zikiruka pamoja na rilei utaona. Zikiruka saa moja jioni kila siku, tazama umeme wa mtaa. Zikianza alfajiri na kuisha jua likipanda, ni umande kwenye maungo.

Lakini Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani. Umeme ukikatika na kurudi wakati hakuna intaneti, bodi huendelea na muda iliouhifadhi mara ya mwisho kabla ya kuzimika, na kumbukumbu zako zote zinapotoka bila kukuambia. Hata Pi 5 inahitaji uifungie betri yake. Kwa nyingine nunua saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya kidonge. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua chaja nzuri. Kama inatosha viwili, ongeza saa hiyo. Kihisi kipya kije cha tatu.

Radi zikianza kunguruma, chomoa waya wa kwenye bati, maana hakuna resista itakayouzuia huo umeme. Na kabla ya mvua za Novemba, pandisha ngazi, safisha kipimo chako, mimina zile mililita 154 na uhesabu.